Udongo Ulioshiba

10 Februari

Mvua kubwa imerudi leo, nami nimerudi kuandika. Mama anasema mtu mzima anayeandika mambo yake lazima ana ugomvi na mtu. Labda. Mimi ugomvi wangu ni na maji.

Kiwanda chetu kiko mwisho wa mtaa wa viwanda, kabla hujashuka Buterere. Tunapasua bateri kuukuu za magari, tunayeyusha risasi, madini yaliyo ndani yake, na kuimimina iwe vipande vya kupeleka nje. Maji tunayooshea bateri hubaki na risasi hiyo, na kwa miaka yalikuwa yanafuata mfereji mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya Buterere. Mwaka jana wakulima walilalamika, wakubwa wa serikali wakaja kutazama, na bwana Maxime, mwenye kiwanda, akaanza kutafuta mkemia. Akanipata mimi, Hayat wa mtaa wa Bwiza.

Dawa yangu ni udongo. Ni ule wa mfinyanzi, wa kijivu kinachoelekea weupe, unaochimbwa mlimani juu ya mji. Tunauloweka, tunauchuja mawe na mizizi, tunauanika, tunausaga mpaka unakuwa laini kama unga wa muhogo, kisha tunaukoroga na maji machafu kwenye mabirika makubwa ya saruji. Risasi inaung'ang'ania udongo kama kupe na mkia wa ng'ombe. Udongo unatuama chini, maji yanatoka juu yakiwa safi. Lakini sharti lipo. Maji ya bateri yana asidi, na penye asidi udongo huachia kila ulichokamata. Kwa hiyo chokaa kwanza, maji yapoe ukali, ndipo udongo. Nimemrudia Jovithe, mtunza depo, yaani ghala letu, maneno haya mpaka ameyafanya wimbo: "Chokaa mbele, udongo nyuma, madamu!"

13 Februari

Mvua. Umeme hakuna. Sikufanya la maana.

17 Februari

Majibu ya maabara yamefika. Maji yanayotoka kwenye birika la mwisho yana risasi kidogo sana, chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Bwana Maxime alishika karatasi kwa mikono miwili, akaisoma, akaiinua kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti.

"Mademoiselle Hayat," akasema, "umetuokoa."

Ni mtu mwenye adabu. Huwasalimu wafanyakazi wote kwa majina, na hukumbuka ni nani mwanawe anaumwa. Nikamwambia kazi imebaki nusu. Udongo ukishashiba risasi, haufai kuachwa ovyo. Inatakiwa uchanganywe na saruji, ugeuke jiwe, uzikwe. Akasema saruji imeadimika kwa sababu petroli hakuna na malori hayatembei. Tungoje. Basi udongo ulioshiba tunauanika, tunautia magunia, tunauweka nyuma ya depo. Kila gunia nimelipaka msalaba mwekundu kwa mkono wangu, na Jovithe nimemwambia ulio ndani usiguswe.

22 Februari

Nyumbani wifi yangu Khadidja hana raha. Yeye ni mke wa kaka yangu Hamissi, na tunakaa ua mmoja, wao chumba cha mbele, mimi na Mama cha nyuma. Mimba yake ya kwanza ina miezi sita, na kama wanawake wengi wenye mimba hapa mjini, hawezi kukaa bila udongo wa kula. Anautafuna kama mtoto na miwa. Sasa mlima umeporomoka ukakata njia, na Mama Kelly, anayewauzia wamama wa Bwiza, meza yake ni tupu.

"Wifi, we unafanya kazi na udongo," akaniambia. "Hata kipande kimoja?"

"Apana," nikasema. "Wa kwetu ni wa kazi."

Akanuna mpaka chakula cha jioni.

1 Machi

Mfungo umeanza. Mvua tangu asubuhi.

5 Machi

Bati la depo linavuja. Nilimwambia Jovithe ahamishe magunia yenye msalaba yasilowane. Akasema ego, ndiyo, atayaangalia. Jovithe ni mtu wa kupenda kusaidia. Wafanyakazi wakikosa sabuni yeye ndiye anaijua ilipo, mlango ukikwama wanamwita yeye. Mkewe Elvire ana mimba changa, na tangu ajue, Jovithe anapiga mluzi hata akibeba mzigo.

9 Machi

Khadidja amechangamka. Nimerudi nimemkuta anasuka nywele za jirani na kucheka. Nikamshukuru Mungu, nikalala bila kuuliza sababu.

12 Machi

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi niliingia nyuma ya depo kutazama bati. Magunia yangu yenye msalaba mwekundu yalikuwa juu ya ubao, yamekunjwa vizuri kama shuka. Matupu. Nikamwita Jovithe.

"Udongo uko wapi?"

"Niliutoa, madamu. Mvua ilikuwa inaingia."

"Umeupeleka wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Kwa Mama Kelly."

Nilimjua Mama Kelly, na bado nikauliza, "Mama Kelly yupi?"

"Ule wa soko ya Bwiza. Njia ya mulima imekatika, wamama wanalilia udongo. Mi nikaona hii ya kwetu inakaa tu. Na iko safi kuliko ile yake, madamu. We mwenyewe uliichuja. Haina hata jiwe."

"Si nilikuambia usiuguse!"

"Hapa kila kitu ni usiguse. Hata friji ya patron, ya bwana Maxime, ni usiguse." Kisha akaona uso wangu, sauti ikashuka. "Mi niliona ile udongo inasafisha maji chafu mpaka inakuwa kama ya chupa. Nikasema, kama inasafisha maji, itasafisha na tumbo ya mutu. Nilimupa hata Elvire."

Nikaketi juu ya gunia la chokaa. Nikamweleza, polepole, kwa sababu sikutaka kupiga kelele. Uchafu wote uliotoka kwenye maji umehamia kwenye udongo. Ndani ya tumbo la mtu kuna asidi, na asidi huufungua udongo mkono. Risasi inaachiliwa, inaingia kwenye damu, na damu ya mama ndiyo ya mtoto.

Jovithe alivua kofia, akatoka nayo mkononi kwenye mvua, akielekea kwao.

Nilikwenda Bwiza kwa miguu, kwa kuwa mabasi yanalala kwenye foleni ya petroli. Koo lilikuwa kavu kwa saumu, viatu vimejaa tope. Mama Kelly ni mwanamke mpana mwenye sauti inayofika kabla yake. Meza yake ilikuwa imependeza. Udongo wangu alikuwa ameukanda na maji, ameukata vipande kama vya sabuni, ameukausha juu ya jiko. Ulikuwa mweupe kuliko udongo wowote niliowahi kuuona sokoni, maana chokaa yangu nayo ilikuwa humo. Msichana mmoja mwenye tumbo kubwa alikuwa anatafuna cha kuonja.

Nilimpokonya mkononi.

"We una wazimu?" Mama Kelly akasimama.

"Mama Kelly, usiuze! Udongo huu una risasi!"

Nilikuwa nimepaza sauti, na neno lile katika mji huu halipazwi. Watu hawakusikia udongo. Walisikia risasi. Mwanamke wa nyanya alijitupa chini, mwingine akapiga yowe, na kufumba na kufumbua soko lilikuwa linakimbia, mabeseni yanabingirika, mama anamwita mtoto wake, wenye maduka wanateremsha milango ya chuma. Nilisimama katikati nikipiga kelele kuwa apana, apana, si ile ya bunduki, na hakuna aliyesimama kunisikia.

Kulipotulia kidogo, sauti ya Mama Kelly ilitoka chini ya meza. "Wanapigana wapi?"

"Hakuna vita. Ni plomb, Mama Kelly. Ile ya ndani ya bateri. Iko ndani ya udongo."

Akatoka, akapangusa magoti. Hasira yake ilikuwa imepata nguvu mpya. "Umefukuza soko mzima kwa ajili ya bateri? Nani amekutuma? Ni wale wauza udongo wa kule ng'ambo?" Akachukua kipande, akakiuma mbele yangu, akatafuna akinitazama machoni. "Haya. Nimekufa?"

"Hauui leo. Unaua polepole, na wa kwanza ni aliye tumboni."

"Nenda zako, Hayat. Mi naheshimu mama yako. Nenda kabla sijasahau." Nilipoanza kukusanya vipande alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu. "Na kwenu muulize vizuri. Wifi yako ndiye wa kwanza kununua."

Sikumbuki njia niliyopita. Khadidja alikuwa kizingitini anachambua mboga za lengalenga, shavu moja limevimba.

"Tema," nikasema.

"Nini, wifi?"

"Tema, Khadidja, nakuomba."

Akatema kwenye kiganja. Akatazama ule weupe, akanitazama mimi, na akaelewa kabla sijamweleza. Nilimwambia yote hata hivyo. Hamissi alikuwa amerudi kutoka gereji, amesimama nyuma yangu na mikono ya mafuta, naye akasikia.

"Mutoto?" Khadidja akauliza.

"Sijui."

"We ndiye umesoma. Usiniambie hujui."

Hamissi hakunilaumu. Alinawa mikono, akavaa shati safi, akamshika mkewe mkono wakaenda kutafuta daktari.

13 Machi

Bwana Maxime alinisikiliza hadi mwisho, vidole vimefumana. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Tutaununua wote, kimyakimya," akasema. "Nitamtuma mutu sokoni leo. Utasema una mikrobi. Watu wanaelewa mikrobi."

"Na ule ulio majumbani, patron? Ulio kwenye mikoba? Mwanamke akiambiwa mikrobi ataukaanga kidogo, atakula."

"Ukitangaza plomb, kesho watafunga hapa. Wafanyakazi wote wanaenda nyumbani. Jovithe anaenda gereza. Na maji? Nani atasafisha maji kama wewe hauko? Fikiria Buterere, Hayat." Aliniita kwa jina langu tupu, kwa upole. "Mi si mutu mubaya."

Kilichonitisha ni kuwa alisema kweli, karibu yote. Nilipotoka alinifuata mlangoni. "Ukienda kusema, usirudi hapa."

Wifi amelala mchana kutwa, uso ukutani.

14 Machi

Ijumaa. Nilikuwa nakusudia kwenda kwa imamu kabla ya sala. Nilipofungua mlango wa ua, Mama Kelly alikuwa amesimama nje na kanga kichwani, imelowa chapachapa.

"Jovithe alikuja sokoni jana na bibi yake Elvire," akasema. "Amelia mbele za watu. Mwanaume mzima. Nikasema moyoni, mutu halii hivi kwa ajili ya biashara." Akapangusa maji usoni. "Ule udongo uliobaki nimeutia ndoo, nimefunika, nimekalia kifuniko. Sasa niambie. Tunafanya aje?"

"Inatakiwa kumjua kila aliyenunua."

Akacheka bila furaha. "Mi? Mi najua tumbo ya kila mwanamke wa Bwiza kabla bwana yake hajajua."

Tulianza naye mtaa wa kwanza. Nilidhani nitakuwa nikieleza mimi, yeye akinionyesha milango. Haikuwa hivyo. Alikuwa anaingia bila kubisha, anaketi, anamshika mwanamke mkono, anasema: "Ile niliyokuuzia ni mubaya. Nilikuuzia mimi. Leta yote, na utapike hasira yako kwangu, si kwa bwana yako." Mmoja alimtupia kikombe. Mwingine alimfukuza na fagio mpaka barabarani. Mama Kelly alisimama nje ya ule mlango, akangoja, mpaka udongo ulipotupwa nje kwenye mfuko, akauokota, akasema asante.

Imamu alitangaza baada ya sala. Alisema plomb, si risasi. Nilimwomba hivyo.

16 Machi

Leo wametangaza makanisani, hapa Bwiza na mtaa wa jirani wa Nyakabiga. Ndoo ya Mama Kelly imejaa, amepata ya pili. Bwana Maxime amenitumia ujumbe kwa simu: nisije kazini tena.

18 Machi

Daktari Arnaud, aliyemwona Khadidja, amekubali kuwaona wamama wote waliokula. Ni kijana, anasema haraka, lakini hakuna anayemkatiza. Hakuna dawa ya kuwapa wenye mimba kwa pupa, akasema, kwanza tujue kiasi. Damu itapelekwa nje ya nchi kupimwa. Mpaka hapo, udongo basi, hata ulio safi. Na wawe wanakula ndagala, wale dagaa wa ziwani, na miiba yake, maharage, lengalenga, maziwa wakiyapata, kwa sababu mwili wenye njaa ndio unaoikumbatia plomb.

Hamissi amenunua ndagala mpaka ua mzima unanuka ziwa.

22 Machi

Mvua. Hakuna jibu.

24 Machi

Mvua. Hakuna jibu. Khadidja ananiuliza kwa macho tu.

27 Machi

Elvire amepoteza mimba.

Nilikwenda kwao na Mama. Elvire alikuwa kitandani, dada zake wamemzunguka. Jovithe alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Alinisikia akasimamisha shoka.

"Madamu. Ni ule udongo?"

Ningeweza kusema apana. Angenishukuru maisha yake yote. Ningeweza kusema ndiyo, na kuna saa za wiki hizi nilizomchukia kiasi hicho, nikiwaza ile sauti yake ya kuimba chokaa mbele. Lakini nilipomtazama sikumwona mtu wa kuchukia. Nilimwona mtu aliyempelekea mkewe kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

"Sijui, Jovithe. Mimba changa hutoka zenyewe pia, na daktari naye hajui. Huenda hatutajua kamwe."

Alitikisa kichwa mara nyingi. "Hiyo ni ngumu kuliko ndiyo," akasema, akarudi kwenye kuni zake.

31 Machi

Idi. Tumepika pilau. Hakuna aliyeongeza sahani.

8 Aprili

Kiwanda kimefungwa. Waume wa wale wanawake walikwenda langoni kwa wingi, kisha wakubwa wakaja na kufuli lao. Walibeba kila kilichokuwa depo, udongo mchafu na safi pamoja, kwa kuwa hawakuweza kuutofautisha, wakaufungia kwenye ghala la serikali. Jovithe alihojiwa siku nzima akaachiwa. Simu ya bwana Maxime haipatikani.

Kitu kimoja hawakuweza kubeba: maji. Birika kubwa limejaa maji ya bateri ambayo hayajaguswa, na bati la juu yake upepo umeling'oa. Nilimwonyesha mkubwa mmoja. Akasema ataandika ripoti.

12 Aprili

Mvua kubwa. Nimekwenda kuchungulia kupitia uzio. Maji yamepanda.

14 Aprili

Yamepanda tena.

16 Aprili

Adhuhuri mlinzi wa langoni alimpigia Hamissi simu: maji yamebakiza upana wa kiganja kufika ukingoni, na wingu jeusi limekaa juu ya milima. Chini Buterere mpunga umeanza kubeba. Maji yale yakitoka, yataukuta shambani.

Chokaa tuliipata kwa wauza rangi wa Bwiza. Udongo haukuwepo. Nilikuwa uani nimeshika kichwa, namwambia Mama kuwa chokaa peke yake haitoshi, Mama Kelly akasikia kutoka barabarani.

"Si unasema udongo? Mi ninao." Njia ya mlima ilikuwa imefunguliwa, na mzigo wake mpya ulikuwa umefika, safi, ukamdodea. Nani angenunua udongo Bwiza sasa? "Na wenzangu wa masoko mengine unawalalia vilevile. Nipe baiskeli."

Walikuja kiwandani baiskeli kwa baiskeli, wanawake wauza udongo na waume wao wakisukuma, magunia yamefunikwa mifuko ya plastiki. Mlinzi alitazama kufuli la serikali, akatutazama sisi, akasema kuna sehemu ya uzio imeanguka na mvua, yeye hajaiona. Jovithe alikuwa ameshafika. Sikumwita. Alikuwa amevaa buti na glavu za kiwandani, ameshika mti mrefu wa kukorogea.

Nina dawa ya kupimia, matone tu. Maji yakiwa na risasi, hugeuka manjano. Nilichota ya birika, nikadondoshea. Yakawa manjano ya kiini cha yai. Mama Kelly akayaona, akashika kifua.

"Hii ndiyo ilikuwa kwa udongo wangu?"

"Hiyo."

Akakunja mikono ya nguo, akashika gunia la kwanza la chokaa.

Tulianza na chokaa. Maji yalichemka na kufoka povu, tukarudi nyuma, tukangoja, tukaongeza. Mvua ilianza kabla hayajapoa, na kila tone lilikuwa linatusogeza ukingoni. Watu walitaka kumwaga udongo. Mwanamke mmoja alishafungua gunia.

"Bado!" Jovithe akapaza sauti. "Chokaa mbele! Ukiweka sasa udongo haishiki kitu!"

Nilipima ukali wa maji. Bado. Nikapima tena, vidole vimekufa ganzi. Maji yalilamba ukingo, uzi mwembamba ukaanza kuteremka ukutani kuelekea mfereji. Hamissi na waume wengine wakaziba kwa magunia matupu na mawe, wakakaa juu yake kwa miili yao. Nilipima mara nyingine, nikasema, "Sasa."

Udongo uliingia gunia baada ya gunia, udongo wa kula, wa wajawazito wa mji mzima. Tulikoroga kwa miti, kwa mabomba, kwa mbao, wote tumekuwa weupe kama watu wa unga. Kisha nikawaambia waache, utuame, na kuacha kulikuwa kugumu kuliko kukoroga. Tulisimama mvuani tukitazama maji.

Yalivuka ukingo kabla ya magharibi. Nilikinga chupa pale pale yanapomwagika, nikadondoshea dawa. Nikaiinua. Ilikuwa na manjano hafifu, ya kudhani tu. Nikangoja, nikakinga nyingine. Hiyo haikubadilika.

"Ni nyeupe?" Mama Kelly akauliza.

"Ni maji," nikasema.

Baadaye niliteremka na Hamissi kufuata mfereji mpaka Buterere, nikipima kila mahali. Kule mwanzo, pale uzi wa kwanza ulipopenya, kuna mashamba mawili ambayo wenyewe niliwaambia wasivune mpaka yapimwe. Walinitazama kama niliyewaletea msiba. Kwingine kote hakukuwa na rangi.

3 Mei

Majibu ya damu. Khadidja ana plomb kupita kiasi, lakini chini ya kile Daktari Arnaud alichokiogopa. Wamama wengine watatu wako juu yake, mmoja amelazwa. Elvire naye alikuwa chini, na hilo halikumpa mtu yeyote jibu.

9 Mei

Wakubwa wamekubali udongo ulioshiba ugeuzwe jiwe. Bwana Maxime alitokea na lori la saruji. Amekonda. Alishika koleo akachanganya pamoja nasi, viatu vyake vya ngozi vikaharibika, na tulipopumzika akaja kukaa kando yangu.

"Ningekubali kuwaambia ile siku," akasema, "ungebaki?"

"Ndiyo."

Hakuomba radhi, nami sikumwambia kuwa yamekwisha. Kesi yake iko mahakamani. Lakini niliona alivyokuwa anashika yale magunia, mbali na mwili, na nikajua sasa anaamini kuwa ule udongo ni sumu.

25 Mei

Khadidja alijifungua juzi mtoto wa kike. Mdogo, analia kwa nguvu, vidole vyote vipo. Daktari Arnaud amechukua damu ya kitovu ipelekwe kupimwa. Anaamini plomb imo, kidogo. Atamwangalia miezi yote mpaka atambae, mpaka aseme, hatatuahidi kitu. Khadidja alimsikiliza, akauliza maswali yake yote, kisha akasema, "Haya. Tutamwangalia pamoja."

Leo alasiri wageni walijaa uani. Mama Kelly alikuja na nguo za mtoto na sauti yake. Baadaye nikamwona Jovithe langoni na Elvire. Elvire aliingia, akambusu Khadidja, wakashikana muda mrefu. Jovithe hakuingia. Alikwenda kwenye bomba la ua, akaanza kunawa mikono. Alinawa kwa sabuni mpaka viwiko, akasuuza, akatazama kucha zake, akaanza upya. Watu wakageuka kumtazama. Maji yalikuwa yanamwagika tu na yeye ameinama, anasugua.

Khadidja aliinuka mkekani na mtoto mikononi, ingawa Mama alimkataza, akatembea hadi bombani. Akalifunga.

"Imetosha, Jovithe," akasema. "Mushike."